Nati na Klachi Iliyoungua Mara Tatu

Dada yangu wanamwita Nati. Ni mfupi, na akishakaza hafunguki. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake siku za mwanzo, wakidhani litamuudhi, naye akalichukua akalipaka kwa rangi nyekundu kwenye geti la karakana yake: FUNDI NATI. Chini yake akaongeza maneno matatu, na maneno hayo ndiyo yaliyotuletea balaa nitakalolisimulia hapa: KAZI YANGU HAIRUDI.

Mimi ni mdogo wake, na ni mshonaji. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, karakana yake iko uani, na kati yetu kuna mlango usiofungika vizuri, kwa hiyo nguo za wateja wangu hunuka petroli na wateja wake husikia kila ninachosema. Nasema mengi. Sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Ufundi aliupata kwa baba. Baba alikuwa akitengeneza pampu za maji na mashine za kusaga, na Nati alishinda miguuni pake akimpa spana tangu hajaota meno ya pili. Baba alipofariki, ndugu walikuja kugawana vitu. Nati akalikalia sanduku la spana. Nasema alilikalia, makalio juu ya kifuniko, tangu asubuhi mpaka watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Baba mkubwa alimuuliza mwanamke na spana wapi na wapi. Nati akamjibu kwamba kitanda achukue, kabati achukue, hata mlango ang'oe akitaka, lakini sanduku atalibeba na yeye akiwa juu yake. Walichukua kitanda.

Pamoja na sanduku alibaki na mawe mawili meusi, kila moja ukubwa wa mkate. Baba alikuwa akiyatumia kubania gurudumu, ili chombo kisimsogelee akiwa chini yake. Wengine hutumia matofali, au kipande chochote cha mbao. Nati hutumia mawe yale tu. Chombo kikiingia uani, kabla spana haijaguswa, gurudumu la mbele hunyooshwa na kubanwa, jiwe huku na jiwe huku, na halitikisiki tena mpaka kazi iishe. Wateja wa zamani wanajua, na hawayapigi teke.

Sasa nije kwa Kobe. Zahanati yetu inahudumia pia watu wa mlimani, ambako gari la kawaida halifiki. Miaka miwili iliyopita zahanati ilipata pikipiki ya magurudumu manne, ile pana inayopita kwenye matope na mawe. Aliyejifunza kuiendesha ni mkunga, kwa sababu ndiye anayeitwa saa yoyote na hana muda wa kumtafuta dereva. Nati akaigeuza chombo kingine kabisa. Aliiundia tela dogo lenye kitanda cha mgonjwa, akalifunika kwa turubai ambalo nililishona mimi, na tangu hapo watu wakaiita Kobe. Akaifunga matairi yenye meno makubwa. Mwisho, miezi minne kabla ya balaa lenyewe, akainua usukani. Mkunga wetu ni mrefu, milangoni huinama, na ule usukani wa kiwandani ulikuwa ukimkunja mgongo kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Nati alikata bomba, akaunga kipande cha shubiri moja, akachomea. Mkunga akakaa wima. Waya wa breki ukabadilishwa ukawekwa mrefu, na wa mafuta vilevile. Wa klachi ulifika bila kubadilishwa. Nilimsikia Nati akijisemea kule uani, ameridhika: "Huu umefika."

Klachi, kwa asiyeijua, ndiyo inayoshika na kuachia nguvu ya injini. Ukibana ule mkono ulio kwenye usukani, pleti zilizo ndani zinaachana na injini inazunguka bure. Ukiachia, zinashikana na chombo kinakwenda. Zikishikana nusunusu, zinasuguana mpaka zinaungua.

Za Kobe ziliungua mara tatu katika miezi minne. Mara ya kwanza Nati aliweka pleti mpya, akasema ndiyo kawaida ya kitu kinachofanya kazi. Mara ya pili aliweka pleti na springi, akamwaga oili yote akatia nyingine, akapima kila alichoweza kupima. Mara ya tatu Kobe alirudi akisukumwa na wanaume sita. Mama mmoja aliyekuwa akipandishwa kupelekwa hospitali, iliyo ng'ambo ya mlima, alikwama kwenye kona, akajifungulia kando ya njia, juu ya khanga ya mkunga. Mama na mtoto walipona. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba ilikuwa bahati, na mtaa ukaanza kutafuta wa kulaumiwa.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni dereva wa malori aliyestaafu. Yeye hakutafuta sana. Alisema mkunga ndiye anayeua klachi, kwamba wanawake wote wana tabia ya kuilalia, wasiiachie yote, na kwamba Ijumaa kamati itakaa, imnyang'anye ufunguo, Kobe apewe mpwa wake mwenye leseni ya kila kitu. Mpwa anakaa upande wa pili wa mji. Mtu akitumwa kumwita, mpwa aamke, avae, aje, huko mlimani uchungu haumsubiri. Mkunga aliyasema hayo, na akaambiwa asipaze sauti.

Jumanne asubuhi Mwenyekiti akaja kwetu, karatasi tupu mkononi na kalamu mfukoni. Alitaka barua fupi ya fundi, sentensi mbili zinatosha, kuthibitisha kwamba klachi imeharibiwa na dereva. Yeye mwenyewe hana shaka, akasema, maana ameendesha malori miaka thelathini na anaujua mguu wa mwanamke kwenye klachi.

"Klachi ya hii iko mkononi, Mzee," Nati alimwambia bila kutoka chini ya tela. "Mguu haumo."

Niliuma uzi nisicheke. Mzee akajitia hamnazo. Akaanza kulisifu geti. Kazi ya Nati hairudi, akasema, hata watoto wa shule wanajua kusoma hilo. Hii imerudi mara tatu. Kama kosa si la fundi, basi ni la nani? Aliuliza kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionichoma. Kisha akaiacha karatasi yake juu ya cherehani yangu, juu ya gauni la mtu, akaenda zake.

Nati hakuandika. Lakini nisimpambe, nimesema nitasimulia ilivyokuwa: shaka ilimwingia. Alikuwa amezitundika pleti zote zilizoungua ukutani, seti tatu kwenye waya, kwa kuwa hatupi kitu kilichomshinda. Alikaa akizitazama mpaka chai ikapoa. Alikuwa ameshakagua oili, springi, mzigo, ulegevu wa waya, kila kitu. Kilichobaki ni mkono wa mwenye kuendesha.

Jioni mkunga alipopita na sare yake, Nati akamuuliza waziwazi kama huwa anapumzisha vidole kwenye mkono wa klachi akiwa njiani. Mkunga akasimama papo hapo.

"Na wewe pia?" akasema.

"Nauliza kwa sababu lazima niulize, dada."

"Mikono hii imepokea nusu ya watoto wa mtaa huu. Haijawahi kukaa pasipotakiwa. Kesho panda na mimi uone kwa macho yako. Na umlete mgonjwa, maana Kobe akiwa hana mzigo haungui."

Mgonjwa nikawa mimi, kwa sababu ya uzito wangu, ambao dada yangu aliutaja mbele za watu bila haya. Nati alifunga pleti mpya, gurudumu likiwa limebanwa kwa mawe ya baba, akarekebisha waya wa klachi mpaka mkono ukawa na ulegevu unaotakiwa, upana wa sarafu, si zaidi. Nikalazwa kitandani, nikafungwa mkanda, na tukaanza kupanda nikiwa natazama mishono yangu mwenyewe kwenye turubai. Mmoja ulikuwa umepinda. Nilikuwa sijauona kabla.

Nati alikaa pembeni, juu ya madigadi ya kushoto, kidole gumba kwenye ncha ya mkono wa klachi. Mkunga aliendesha huku amevitawanya vidole vya mkono wa kushoto, vyote vinne vimesimama, ili asije mtu akasema. Kona ya kwanza ni ya kulia, na Kobe akaipanda kama hana mzigo. Ya pili ni ya kushoto. Hapo mlio wa injini ukapanda ghafla, ukawa mwembamba, na Kobe badala ya kuongeza mwendo akapunguza. Nikasikia harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Tulipomaliza kona na kunyooka, mlio ukashuka, akashika tena. Kona ya tatu, kushoto, yakawa yaleyale.

Nati akasema tusimame. Akazima injini, akamwomba mkunga aondoe mikono yake yote miwili, aikunje kifuani. Kisha akaushika usukani kwa katikati. Ukiwa umenyooka, mkono wa klachi ulicheza vizuri, legelege. Akaugeuza usukani kushoto mpaka mwisho. Mkono wa klachi ukakakamaa. Ulikuwa umevutwa, na hakuna mtu aliyekuwa ameugusa. Akaunyoosha usukani, ukalegea. Akaugeuza tena, ukakaza. Nilikuwa nimeinua kichwa kutoka kitandani na niliona yote.

Ule waya wa klachi ulikuwa mfupi. Usukani ulipoinuliwa kwa shubiri moja, waya ulifika, ndiyo, lakini ulifika usukani ukiwa umenyooka. Kila kona ya kushoto ulivutika, ukaziachanisha pleti kidogo, na kwa kuwa kulikuwa na mlima na mgonjwa nyuma, zikasuguana mpaka zikaungua. Uani kwetu hilo lisingeonekana hata kwa miaka kumi, kwa sababu uani kwetu gurudumu la mbele daima limenyooshwa, jiwe huku na jiwe huku.

"Ni mimi," Nati akasema.

Mkunga alikaa kwenye ukingo wa njia akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha nikaona kwamba kicheko kimekwisha na machozi yanaendelea. Miezi minne, akasema. Miezi minne anapita sokoni watu wakinong'ona kwamba anaua mali yao. Nati alisimama mbele yake mikono ikining'inia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona dada yangu mfupi kweli.

Nyumbani nilifanya kosa la kucheka. Katika kazi yangu, mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba mkono wa shati hupimwa mteja akiwa ameukunja, maana ukiupima umenyooka tu, siku akiinua kijiko nguo itamvuta begani. Nilimwambia hivyo. Hakunisemesha mpaka asubuhi.

Asubuhi hiyo akaweka waya mrefu, akaupitisha njia nyingine, akageuza usukani kushoto na kulia mara ishirini. Ulegevu ulikuwa uleule pande zote. Basi, nikamwambia, kazi imekwisha, na tuwe na akili. Sema waya ulitoka kiwandani ukiwa mbovu. Si uongo mkubwa. Nyumba hii inakula kwa geti lile. Wapo watu wanaosubiri miaka ishirini wamwone Nati akianguka, na wengine ni damu yetu. Nilimwambia yote hayo kwa sauti, na mteja wake mmoja aliyekuwa uani akajifanya anakagua tairi.

"Nikisema waya mbovu," Nati akanijibu, "Ijumaa watasema hata waya umechoshwa na mkono wa mkunga. Yule Mzee hatafuti ukweli. Anatafuta ufunguo."

Nikamwambia atakufa njaa na ukweli wake. Akasema sawa, nimshonee sanda fupi, nitaokoa kitambaa.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, watu wanane kwenye mabenchi, mizani ya kupimia watoto ikining'inia juu ya kichwa cha Mwenyekiti. Ufunguo wa Kobe ulikuwa mezani mbele yake. Nilikuwa nimemshonea Nati ovaroli jipya kwa ajili ya siku hiyo, akaja na la zamani lenye oili, makusudi. Mkononi alikuwa na beseni lenye seti tatu za pleti, na waya wa klachi ameuvaa shingoni. Mkunga alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani. Hakuwa akimtazama mtu.

Mwenyekiti akaomba barua. Nati akamrudishia karatasi yake. Ilikuwa tupu kama alivyoileta, isipokuwa alama ya dole gumba lenye oili.

"Klachi imeungua mara tatu," akasema. "Mara zote tatu niliiunguza mimi."

Kisha akaeleza. Hakuharakisha wala hakupunguza. Aliuvua ule waya shingoni akawaonyesha, akampa mtu mmoja ncha hii na mwingine ncha ile, akawaambia mmoja akae na mwingine ajisogeze nyuma, na wote wakaona unavyokaza. Akawaambia habari ya usukani alioinua, na gurudumu analolinyoosha daima, na kwamba hakuwahi hata mara moja kuugeuza. Aliposema hivyo nilitazama sakafu. Niliona aibu, na nilimwonea uchungu, na nilitamani kumpiga mtu yeyote atakayecheka.

Hakucheka mtu. Mwenyekiti alijiegemeza. "Kwa hiyo, fundi, ile kazi yako isiyorudi?"

"Imerudi, Mzee. Nimeipokea."

"Na kamati ikuamini kwa lipi sasa?"

"Isiniamini. Ipande." Akauchukua ufunguo pale mezani, kabla Mzee hajajua kama auwekee mkono au asiuwekee, akampa mkunga. "Wewe, Mzee, lala kwenye kitanda cha mgonjwa, dada yetu aendeshe, mpande mpaka kona ya nne. Ukisikia harufu ya kuungua, Kobe ni wa mpwa wako, na geti langu nitaling'oa kwa mikono hii."

Mtu aliyeendesha malori miaka thelathini hawezi kukataa kupanda chombo mbele ya wenzake saba. Alitoka. Kulala alikataa, akakaa kitandani miguu ikining'inia, kofia ameibana magotini. Mkunga akawasha. Vidole vyake vya kushoto vilisimama vyote vinne.

Sisi tulibaki barazani, na hapo hapakuwa na cha kufanya ila kusikiliza. Njia ya mlimani haionekani kutoka zahanati, lakini husikika. Kona ya kwanza, kulia, mlio mzito. Nilimshika Nati kiwiko, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba wa baba. Kona ya pili, kushoto. Nilingoja mlio upande uwe mwembamba. Haukupanda. Ulikuwa uleule, mzito, ukienda juu. Ya tatu, kushoto, uleule. Ya nne hatukuisikia vizuri kwa sababu mtu mmoja alianza kupiga makofi na nikamwambia anyamaze kwa maneno ambayo sitayaandika. Na ndiyo, nililia. Nati hakulia. Alikuwa ameshika pleti moja iliyoungua, akaitia mfukoni.

Waliporudi, Mwenyekiti alishuka akapangusa vumbi kwenye suruali. Kwa mazoea akanyoosha mkono kuupokea ufunguo. Mkunga akautia mfuko wa sare yake, akafunga kifungo, akaingia ndani kuwahudumia watu waliokuwa wakingoja. Mzee alibaki amenyoosha mkono, kisha akautumia kuvaa kofia. Akasema tuendelee na ajenda ya pili.

Maneno yalisambaa, kama nilivyojua. Wateja wawili walihamia kwa fundi mwingine. Jumatatu nilimwona Nati akitoka na kopo la rangi nyekundu, nikajua anakwenda kufuta. Hakufuta hata herufi. Aliandika mstari mwingine chini: IKIRUDI, NAIPOKEA. Mawe ya baba bado yapo na bado yanabana magurudumu, lakini sasa kabla chombo hakijatoka yeye mwenyewe huyasogeza kwa mguu, akageuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, huku akiniita niache cherehani nije nishuhudie. Naenda nikinung'unika.

Baba mkubwa alipita siku hiyohiyo rangi ikiwa haijakauka. Ni mzee sana siku hizi, na tangu ule mgawo wa vitu hakuwahi kukanyaga uani kwetu. Alisoma, akatikisa kichwa, akaondoka. Alhamisi akarudi akisukuma toroli lenye pampu yake ya maji, akasimama getini, akabisha hodi kwa sauti ndogo. Nati alikuwa ndani amekalia lile sanduku la spana, anakunywa chai. Alimwitikia, akamwamkia vizuri kama anavyostahili kuamkiwa, akamwonyesha kwa kidole pa kuiweka. Ila hakuinuka.